Chujio la mwani kwa tangi la mbuna: je, nitakuwa namfuga adui yangu?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu, nakaa Mbeya mjini, maeneo ya Forest. Nina tangi la kioo la lita 240 lenye mbuna 22 niliowapata kwa mfugaji mmoja wa Kyela. Mwaka wa kwanza mambo yalienda vizuri. Sasa kioo kinaota mwani kila baada ya siku tatu, mawe yamevaa nyuzi ndefu za kijani, na nikipima nitrati naikuta miligramu 80 kwa lita. Kila Jumamosi nabadilisha theluthi ya maji, lakini maji ya bomba kwetu hayatoki kila siku. Nawapa chakula cha punje, kijiko kimoja cha chai mara tatu kwa siku. Mwenzangu ananishauri niweke dawa ya kuua mwani. Mwingine amenionyesha kwenye simu watu wanaotengeneza chujio kwa wavu na taa, mwani unaota humo humo. Je, si nitakuwa namfuga adui yangu mwenyewe? Na kama linafanya kazi, nitaacha kubadilisha maji? Vifaa nitavipata huku Mbeya?"*

Marahaba, mwalimu. Swali lako limenigusa, kwa sababu ni wachache wanaojali kuwatunza mbuna, hawa samaki wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa letu, kwa kiwango hiki, wakati samaki hao hao wanafugwa kwa fahari Ulaya na Marekani. Na umenipa namba. Mtu akiniletea namba, nusu ya kazi ameshaifanya.

Nianze na hilo neno "adui". Mwani haukuleta tatizo kwenye tangi lako. Umelikuta. Kila punje unayodondosha humo ndani ina nitrojeni na fosforasi. Samaki akiila, sehemu inajenga mwili wake na sehemu kubwa inatoka, hasa kama amonia kupitia matamvua. Bakteria walioko kwenye sponji na mawe yako wanaigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Hapo mnyororo unaishia. Hakuna kitu ndani ya tangi la kawaida kinachoila nitrati kwa kasi ya kutosha, hivyo inajikusanya, na fosfati inajikusanya nayo. Ziwa Nyasa lina kina cha mita zipatazo 700 na mimea isiyohesabika ya kulipokea deni hilo. Wewe una lita 240. Kilichobaki ni ndoo yako ya Jumamosi, au kiumbe kingine kinachokula nitrati. Kiumbe hicho ni mwani, nao umejitokeza wenyewe bila kuitwa.

Ndiyo maana nakusihi usiweke dawa. Dawa nyingi za kuua mwani zina shaba, na shaba inaumiza matamvua ya samaki kipimo kikizidi kidogo tu. Hata ile isiyomdhuru samaki ina kasoro moja kubwa: mwani ukifa kwa mkupuo unaoza humo humo. Kuoza kunakula oksijeni, na nitrojeni yote iliyokuwa imefungwa kwenye zile nyuzi inarudi majini. Wiki mbili baadaye utakuwa na mwani mpya na samaki waliochoka.

Sasa kuna jambo moja kwenye barua yako limenishtua kuliko hiyo 80. Umesema mawe yamevaa nyuzi *ndefu*. Mwalimu, mbuna ni mla mwani. Ukienda Matema, pale Milima ya Livingstone inapoingia ziwani, ukaogelea juu ya mawe yenye mbuna, utaona jiwe limefunikwa na zulia fupi kama nywele zilizonyolewa jana. Wanalikwangua mchana kutwa. Mtazame *Labeotropheus fuelleborni*: mdomo wake uko chini ya pua, umelala kama jembe, ili aweze kukwangua jiwe bila hata kuinamisha mwili. Tangi lenye samaki 22 wa jamii hiyo likiota nyuzi ndefu, mara nyingi maana yake ni moja: wameshiba punje hadi hawana haja ya kulisha kwenye jiwe.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama. Vijiko vitatu vya chai vya punje ndogo ni kama gramu nane kwa siku. Kwa samaki 22 wazima hiyo imezidi. Shuka hadi kijiko kimoja na nusu, ukigawe mara mbili, na siku moja ya wiki usiwape kitu. Watakuja kwenye kioo kukuomba, maana mbuna hajui kushiba mbele ya mtu. Usiwaonee huruma. Chagua pia punje zenye mimea mingi, kwa sababu utumbo wao mrefu umeumbwa kwa mwani, na chakula kizito cha nyama ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa na ugonjwa wa kuvimba tumbo unaowaua sana mbuna waliofungiwa. Kama tangi liko karibu na dirisha, lisogeze au weka pazia. Jua la asubuhi la nyanda za juu ni kali kuliko taa yoyote uliyonunua.

Hilo ukishalifanya, chujio la mwani lina maana. Bila hilo utakuwa unakinga maji ya bomba lililopasuka.

Wazo lenyewe si la vijana wa kwenye simu. Walter Adey, mwanasayansi wa Taasisi ya Smithsonian kule Marekani, alilitengeneza kwa ajili ya matangi ya matumbawe ya baharini na akapata hataza yake mwaka 1982. Aliona kwamba miamba ya matumbawe inaishi kwenye maji masafi sana, na kazi kubwa ya kuyasafisha inafanywa na zulia fupi la mwani linalopigwa na mawimbi na jua. Akalihamishia zulia hilo nje ya tangi. Wanaofuga matumbawe bado ndio wanaolitumia zaidi, lakini mwani wa maji baridi unafanya kazi hiyo hiyo, na maisha ya mbuna kwenye mawe yao yanafanana na ya samaki wa matumbawe kuliko watu wanavyodhani.

Siri iko kwenye mashindano. Mwani wa kwenye kioo chako unapata mwanga wa mbali na maji yanayopita polepole. Kwenye chujio, wavu unaning'inia mahali maji yanaporomoka juu yake kwa utando mwembamba, taa iko sentimita chache tu, na hewa inagusa maji muda wote ikileta kaboni dayoksaidi. Pale mwani unakua haraka kuliko popote kwenye tangi, unanyonya amonia moja kwa moja pamoja na nitrati na fosfati, na wa kwenye kioo unabaki na njaa. Halafu unakuja wewe unavuna. Kuvuna ndiyo kazi yenyewe. Usipovuna, uchafu haujatoka popote, umebadilisha chumba tu. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, utamfuga, ila utamfuga zizini na kumchinja kila wiki.

Ukubwa wa wavu usiupime kwa lita za tangi. Pima kwa chakula. Kanuni ya mkono wanayoitumia wajenzi wengi ni kama sentimita za mraba 25 za wavu, uliomulikwa pande zote mbili, kwa kila gramu ya punje kavu kwa siku. Ukishuka hadi gramu nne, unahitaji 100. Mimi ningekutengenezea wa upana wa sentimita 12 na urefu wa 14 unaomulikwa, yaani 168, ili uwe na nafasi ya kulipa deni la zamani. Usiufanye mkubwa kama mlango ukidhani ndiyo usalama, kwa sababu chakula kidogo kikitawanywa kwenye wavu mkubwa mwani unaota mwembamba na hauvuniki.

Maji yanatakiwa yawe kama lita 50 kwa saa kwa kila sentimita ya upana. Kwako ni lita 600 kwa saa zinazofika *juu*. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni ya bila kupanda, hivyo nunua ya lita 1,200 au zaidi.

Vifaa utavipata Mwanjelwa na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, isipokuwa pampu na hita, ambazo huenda ukaagiza Dar es Salaam. Chukua bomba la PVC la nusu inchi, ziba mwisho mmoja. Mpelekee fundi mwenye grinda akukatie mwanya wa sentimita 12 kwa urefu wa bomba, upana milimita tatu. Kwa msumeno wa mkono utahangaika na mwanya utakuja na kona. Wavu uwe ule mgumu wa plastiki wenye matundu madogo, wa kuzungushia vifaranga. Wa chuma usiuguse, hata kama muuzaji anakuapia hauoti kutu.

Halafu kuna kazi ambayo watu wanairuka na baadaye wanalalamika kwamba mwani haushiki: kuukwaruza wavu. Chukua bapa la msumeno wa chuma, uliburute juu ya plastiki huku na huku, pande zote mbili, kila mwelekeo. Itachukua karibu nusu saa na vidole vitauma. Utajua umefika ukiupitisha kwenye kitambaa cha pamba ukanasa kama mbegu za pamba-mwitu zinavyonasa kwenye suruali. Mwani unashika kwenye ile miiba midogo. Kwenye plastiki laini unateleza wote siku ya kwanza unapofikisha uzito.

Ingiza ukingo wa wavu kwenye mwanya, ufunge kwa vile vifungo vya plastiki vya mafundi umeme, kisha uutundike ndani ya kasha la plastiki lililokaa juu ya tangi, kwenye ubao imara. Chini ya kasha toboa tundu la kurudisha maji tangini kwa bomba la inchi moja. Juu yake kidogo, toboa tundu la pili la dharura. La pili nalisisitiza kwa sababu ya jambo lililonitokea mwenyewe, Iringa. Nilikuwa na tundu moja, nikasafiri wiki tatu bila kuvuna, kipande cha mwani kikabanduka kikaziba tundu, na pampu ikaendelea kutoa maji tangini na kuyamwaga sakafuni hadi tangini yakabaki maji ya kina cha vidole vinne. Nilipoteza samaki sita. Tangu siku hiyo sijajenga chujio la tundu moja, wala pampu siiweki chini kabisa ya tangi: naiinua hadi karibu robo tatu ya kina, ili hata mambo yakiharibika maji ya samaki yabaki.

Taa mbili za LED za wati 10 hadi 12, moja kila upande, zikae sentimita nane hivi kutoka kwenye wavu, nje ya kasha linaloonyesha au nyuma ya kioo chembamba. Chagua mwanga wa njano-njano, ule wa sebuleni, kwa kuwa una wekundu mwingi zaidi ambao mwani unautumia vizuri. Ule mweupe wa buluu ni dhaifu kwa kazi hii. Wiki mbili za kwanza washa saa 10 kwa siku, kisha panda hadi 16. Mimi nazitega ziwake kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 asubuhi. Mwani wenye mwanga unatoa oksijeni na kula kaboni dayoksaidi usiku ule ambao tangi lako linaihitaji huduma hiyo zaidi.

Kabla ya kuwasha, paka wavu kwa mwani uliokwangua kwenye mawe yako. Siku za mwanzo utaona utelezi wa kahawia, pengine mweusi kabisa, na utaniandikia kwamba limeshindikana. Halijashindikana. Maji yenye nitrati 80 huanza hivyo. Ufute taratibu kwa kidole kila wiki, na kufikia wiki ya tatu au ya nne kijani kinaanza kujitokeza. Baadaye vuna kila baada ya siku saba hadi kumi: chomoa bomba na wavu, peleka kwenye sinki, kwangua kwa ukingo wa kadi ya plastiki ya zamani huku maji yakipita. Acha kivuli cha kijani, usiung'arishe. Ukichelewa, tabaka la chini linakosa mwanga, shina linapauka, na mwani unabanduka kama ukoko. Mavuno yaweke kwenye mchicha au migomba. Usiyatupe mtoni.

Sponji zako za zamani usizitoe. Wapo wanaojenga chujio la mwani leo na kung'oa lile la bakteria kesho, kisha amonia inapanda kabla mwani haujakomaa. Na ukitaka kuwaongezea bakteria makazi, yale mawe mepesi ya volkano ya upande wa Rungwe, yaliyojaa vitundu, ukiyachemsha na kuyasuuza vizuri, ni mazuri kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei.

Sasa mambo ya kwetu, ambayo zile video hazina. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wakati uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye 475 hivi. Hewa ya kwako ni nyepesi, hivyo maji yenye joto lile lile yanashika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya saba ukilinganisha na kule walikotoka samaki wako. Maporomoko ya chujio yanasaidia sana hapo. Lakini maporomoko hayo hayo yanapoza maji. Juni na Julai, usiku ukiwa chini ya nyuzi 10 nje, utando mwembamba wa maji kwenye hewa baridi unaweza kukushushia joto la tangi bila wewe kugundua. Funika kasha kwa kifuniko chenye matundu machache, na uwe na hita. Kwa lita 240 napenda mbili za wati 150 kuliko moja ya 300, kwa sababu moja ikifa au ikigoma kuzima, nyingine inakupa muda. Lenga nyuzi 24 hadi 26.

Umeme ukikatika, wavu ndani ya kasha lililofunikwa utabaki na unyevu kwa saa kadhaa. Ukizidi hapo, chota maji ya tangi uupulizie kwa chupa. Mwani una subira. Wasio na subira ni samaki, kwa hiyo fedha ya kwanza ya akiba iende kwenye pampu ndogo ya hewa ya betri.

Je, utaacha kubadilisha maji? Hapana, na anayekwambia hivyo anakudanganya. Mwani hautoi kila kitu, na bakteria wanapoigeuza amonia kuwa nitrati wanaipunguza akiba ya kabonati inayoshikilia pH. Maji ya Nyasa yana pH ya karibu 8, na mbuna hawapendi iyumbe. Kinachobadilika ni kiasi. Mambo yakitulia, ndoo mbili za lita 20 kila wiki mbili zitatosha badala ya lita 80 za kila Jumamosi, na kwa mtaa usio na maji kila siku huo ni unafuu wa kweli. Yakitoka, kinga kwenye pipa lililo wazi, yakae siku moja au mbili klorini itoke. Ya mvua yana upungufu wa madini, hivyo usiyatumie peke yake. Vipande vichache vya mawe ya chokaa, kama yale ya Songwe, ndani ya tangi vitakusaidia kushikilia pH.

Kuna njia nyingine rahisi zaidi, na ningekuwa mchoyo nisipoitaja. Ule mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo (pothos), ambao nusu ya sebule za Mbeya wanao kwenye kopo, ukiuning'iniza mizizi ndani ya kisanduku cha chujio, mbali na midomo ya mbuna, unanyonya nitrati pia. Polepole kuliko mwani, lakini hauli umeme wala hauhitaji kuvunwa kila wiki. Kama unasafiri mara kwa mara, anza na huo. Kama uko nyumbani na mikono yako inapenda kazi, jenga wavu.

Kazi ya umeme usiifanye mwenyewe. Maji, taa na nyaya vinakutana sentimita chache, kwa hiyo fundi umeme akufungie kifaa kinachokata umeme unapovuja, na kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuchomekwa, ili tone liishie sakafuni. Na usisubiri chujio wala barua yangu ukiona samaki wanahema juu ya maji, wamevimba tumbo na kuacha kula, au wanatoa kinyesi cheupe chembamba kama uzi. Badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo, ongeza hewa, kisha mtafute daktari wa mifugo au afisa uvuvi wa wilaya amwone samaki kwa macho. Kituo cha TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, kiko Kyela, wanawajua samaki wa ziwa hili kuliko sisi wote. Ukiamua kupunguza idadi, mpe mfugaji mwingine. Usimwachie samaki wa tangi mtoni wala ziwani, hata kama alitoka huko huko.

Kaa wiki nane, mwalimu. Halafu niandikie nitrati imefika ngapi, na kila unapovuna, mwani uliokamuliwa unajaza vijiko vingapi vya mezani. Kwa namba hizo mbili nitakwambia kama wavu uongezwe, upunguzwe, au uachwe ulivyo.